Uzi maalum: Jinsi misuli ya samaki inavyojengwa akiwa bado ndani ya yai

Seli_Tembezi (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Hii mada imenikaa kichwani tangu niko chuo na leo naishusha hapa, itakuwa ndefu kwa iyo mwenye haraka arudi jioni.

Siku ukinunua samaki mbichi mwenye mwili wa kutosha mchune ngozi ubavuni taratibu. Chini tu ya ngozi, katikati ya ubavu, utakuta ukanda mwekundu unaoanzia nyuma ya kichwa mpaka mkiani, halafu nyama nyingine yote ni nyeupe. Kwa sato ule ukanda ni mwembamba, kwa jodari ni mkubwa na umeingia mpaka ndani. Ule mwekundu ni misuli ya polepole, ndo anayoogelea nayo mwendo wake wa kawaida kutwa nzima bila kuchoka. Ile nyeupe ni misuli ya haraka, anaitumia akishtuka au akikimbiza chakula, ina nguvu sana ila inachoka mapema. Mpaka hapo wengi tuko pamoja.

Ambalo watu hawajui ni kwamba zile nyuzi nyekundu za nje, kwenye kiinitete, hazikuanzia nje. Zilianzia ndani kabisa zimebanana na mhimili wa katikati wa mwili, zikasafiri zikipenya kwenye seli nyingine zote mpaka zikafika chini ya ngozi, na zikiwa njiani zinaacha nyuma yake ile nyama nyeupe ikijipanga. Yaani mnofu wote wa samaki umepangwa na hiyo safari. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri kuliko hiki kwenye baiolojia yote niliyosoma na nashangaa mashuleni hatufundishwi.

Nitamtumia samaki pundamilia, wengine wanamwita danio, kale kasamaki kadogo kenye mistari ya bluu kanakouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Asili yake ni mito na mabwawa ya India na nchi jirani. Anatumika sana maabara kwa sababu yai linarutubishwa nje ya mwili, lina upana chini kidogo ya milimita moja, na kiinitete chake ni angavu kiasi kwamba unaona seli zikitembea akiwa hai bila kumpasua. Aliyemfanya awe mnyama wa maabara ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon kule Marekani, kazi yake maarufu ilitoka 1981. Baadae Christiane Nüsslein-Volhard na timu yake Tübingen, Ujerumani, wakazalisha danio wenye jeni zilizoharibika kwa maelfu na kuangalia mmojammoja kaharibika wapi, na wenzao wa Boston wakafanya hivyo hivyo, matokeo yakatoka kwa pamoja mwaka 1996. Mengi nitakayosema hapa chini mizizi yake ni hiyo kazi.

Narudi na sehemu ya pili, naomba msichangie kwanza.

---

Seli_Tembezi

Sehemu ya pili. Masaa yote nitakayotaja yanahesabiwa tangu yai liliporutubishwa, na ni kwa maji ya nyuzijoto 28.5, ndo kipimo ambacho maabara nyingi zinatumia ili wakilinganisha waelewane.

Masaa matano ya kwanza ni seli zinagawanyika tu, rundo limekaa juu ya kiini cha yai. Kuanzia hapo mpaka saa la kumi seli zinahama kwa wingi, zingine zinazama ndani, na katikati ya mgongo unatokea mhimili mmoja mrefu laini unaoitwa notokodi. Huu sio uti wa mgongo bado, mifupa inakuja baadae sana na inajengwa kuuzunguka.

Kulia na kushoto ya notokodi kuna tishu ambayo inaanza kukatika vibonge vibonge, jozi moja baada ya nyingine, kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani. Hivyo vibonge ni somaiti. Za mwanzo zinatoka fastafasta halafu zinatulia kwenye jozi moja kila nusu saa, hadi kufika masaa 24 ana jozi kama 30. Kila somaiti ndo itakuja kuwa pande moja la nyama. Samaki akiiva vizuri si unaona nyama inaachana yenyewe mapande mapande? Pale inapoachia ndo palikuwa mpaka kati ya somaiti na somaiti, mpaka uliowekwa wakati samaki mzima hajafika hata milimita mbili.

Sasa nani anahesabu hiyo nusu saa? Mwaka 1976 Jonathan Cooke, mtu wa baiolojia, na Christopher Zeeman, mtu wa hesabu, walitoa wazo kwamba kila seli ina saa yake ndani inayokwenda mzunguko, na kuna wimbi linalosogea taratibu kuelekea mkiani, seli zikikutwa na wimbi saa ikiwa kwenye hatua fulani mpaka unakatwa hapo. Lilikuwa wazo tu, jeni yenyewe ilikuwa haijaonekana. Miaka ya baadae ndo ikaonekana kweli kuna jeni zinawaka na kuzima kwa mzunguko. Kwa danio kuna her1 na her7, protini inayotengenezwa na hizi jeni inarudi kuzizima jeni zenyewe, protini ikiisha jeni zinawaka tena, mzunguko mmoja somaiti moja. Na majirani wanawekana sawa kwa kupeana taarifa kupitia njia ya Notchi. Ukikata hayo mawasiliano somaiti za mbele zinatoka vizuri, za nyuma zinavurugika, maana mwanzoni seli zilianza pamoja ila kadri muda unavyoenda kila moja inafuata saa yake.

Haya karibuni, safari yenyewe naiweka baada ya maswali.

---

Vifaranga_Kanda_ya_Ziwa

Mkuu asante sana, mimi natotolesha vifaranga vya sato huku Mwanza, mada imenigusa moja kwa moja. Swali langu, msimu wa baridi maji yakipoa mayai yanachelewa kutotoa, hilo naliona kwa macho. Je na hizo somaiti zinakuwa pungufu? Maana kama pande la nyama linatokana na somaiti basi samaki wangu wa msimu wa baridi wana mapande machache au vipi, na hiyo inaathiri mnofu sokoni?

---

Seli_Tembezi

Swali zito hili ndugu yangu. Kwa danio walipima, ukishusha joto saa inapunguza mwendo ila idadi ya somaiti na ukubwa wake vinabaki karibu vilevile, maana saa na lile wimbi vinapunguza mwendo kwa pamoja. Kwa iyo ondoa hofu ya mapande kupungua.

Ila joto la kwenye yai linaweza kugusa kitu kingine, idadi ya nyuzi ndani ya pande. Kwa samoni wa Atlantiki kuna kazi nzuri ya kundi la Ian Johnston kule St Andrews, Uskoti. Walitunza mayai kwenye nyuzijoto 2, 5, 8 na 10 mpaka hatua ile macho yanapoonekana ndani ya yai, baada ya hapo wote wakalelewa mazingira sawa mpaka wakubwa. Waliokuwa kwenye 5 ndo waliishia na nyuzi nyingi za misuli kuliko wote, yaani joto la siku za mwanzo za maisha limeandika mwili wa samaki mtu mzima. Sasa usije ukachukua hiyo 5 ukaipeleka kwa sato, utaua mayai yote, sato ni samaki wa maji moto. Unachokipata hapo ni kwamba joto la chombo cha kutotoleshea sio suala la kutotoa mapema au kuchelewa tu. Likishuka na kupanda hovyo unamgusa samaki kabla hujamuona.

---

Vifaranga_Kanda_ya_Ziwa

Nimekupata vizuri sana. Na ndo maana mama yake anayatunza mdomoni, sisi tukiyatoa mdomoni tukayaweka kwenye chupa za kuzungushia maji kazi ya kulinda joto inakuwa yetu. Endelea mkuu.

---

Mwl_wa_Kidato

Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Kabla hujaendelea na safari, hujatuambia seli zinajuaje kwamba zenyewe ni za misuli. Kwenye somaiti si kuna seli zitakazokuwa mifupa pia na za ngozi? Nani anagawa kazi?

---

Seli_Tembezi

Mwalimu umenifungulia mlango.

Kwanza kuna jeni mbili, myf5 na myod. Hizi ni kama... hapana nisifananishe, niseme tu zinachofanya: protini zake zinaingia kwenye kiini cha seli, zinakaa juu ya DNA na kuwasha jeni nyingine za misuli, zile za mayosini, aktini na wenzake, protini zinazofanya msuli ujikunje. MyoD iligunduliwa Seattle mwaka 1987 kwenye maabara ya Harold Weintraub, waliichukua wakaitia kwenye seli za kawaida za tishu unganishi, hizo seli zikageuka kuwa misuli. Jeni moja tu. Kwa danio ukiharibu myf5 peke yake au myod peke yake misuli bado inatokea, mmoja anamfidia mwenzie, ukiharibu zote mbili kiwiliwili hakina misuli.

Pili ni nani anaamua polepole au haraka. Hapa notokodi inaingia. Ile notokodi pamoja na sakafu ya uti wa neva ulio juu yake zinatoa protini ya Hejihogi, inasambaa kwenda pembeni. Seli zilizogusana na notokodi zinaipata nyingi, zilizo mbali zinapata kidogo au hazipati. Zilizoipata kwa wingi, kama 20 hivi kila upande wa kila somaiti, zinaitwa seli adaksia, na hizi ndo zitakuwa nyuzi za polepole. Ndani yake Hejihogi inawasha jeni inaitwa prdm1a, kazi yake kubwa ni kuzima mambo ya msuli wa haraka. Kwenye danio ambao prdm1a imeharibika, seli zilezile zilizokaa palepale zinageuka kuwa za haraka. Kwa iyo kuwa polepole ni amri, amri isipofika seli inakuwa ya haraka.

Ushahidi mwingine ninaoupenda. Miaka ya 1950 wafugaji wa kondoo jimbo la Idaho, Marekani, walikuwa wanapata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Ikaja kujulikana mama zao wakiwa na mimba walikula mmea mmoja wa porini, Veratrum californicum. Kemikali iliyokuwemo ikaitwa saiklopamini, na baadae sana ikaonekana inachofanya ni kuziba njia ya Hejihogi. Sasa chukua saiklopamini weka kwenye maji ya mayai ya danio mapema: nyuzi za polepole hazitokei. Na mapande ya nyama badala ya kuwa na umbo la V iliyolala yanakuwa na umbo la U. Wale wa Tübingen 1996 walikuwa na kundi zima la samaki wenye umbo hilo la U, wengi wao jeni zilizoharibika zikaja kuonekana ziko kwenye njia hiyohiyo ya Hejihogi.

---

Bakari_Darubini

Samahani kaka lakini hapa nakataa kidogo. Mimi nilisoma uvuvi, na tulivyofundishwa msuli mwekundu unaota pembeni kwa sababu uko karibu na ngozi, oksijeni inapenya kirahisi wakati samaki hana matamvua bado. Hii ya kusema unaanzia ndani kwenye notokodi halafu unatembea, aliyeiona ni nani? Kuona seli ndani na baadae kuona seli nje haimaanishi ni seli ileile.

---

Seli_Tembezi

Bakari hilo pingamizi ni la haki kabisa, ndo pingamizi ambalo mtu wa sayansi anatakiwa alitoe. Stephen Devoto na wenzake kule Oregon waliliona pia. Walichofanya 1996 ni kuchukua seli mojamoja za adaksia kwenye kiinitete hai, hata kabla somaiti haijakatika, wakazidunga rangi inayong'aa halafu wakasubiri. Rangi haihami kwenda kwa jirani, inabaki kwenye ile seli na uzao wake. Kesho yake rangi ikaonekana kwenye nyuzi za polepole nje chini ya ngozi. Wakadunga na seli za mbali na notokodi, hizo zikaishia kuwa nyuzi za haraka, zimebaki ndani. Kwa iyo ni seli ileile, na imeshachagua upande wake mapema mno. Siku hizi wanazirekodi video kabisa.

Na hiyo ya oksijeni haipotei. Kukaa karibu na ngozi kuna faida kwa msuli unaofanya kazi bila kupumzika, hilo sipingani nalo, ila faida ya kufika pale haielezi alianzia wapi.

Sasa safari yenyewe. Mwanzoni seli adaksia ni kama vijiboksi vimepangana ukutani kwa notokodi. Zinarefuka, kila moja inashika mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma wa somaiti, hapo tayari zina nyuzinyuzi za kujikunja ndani, zinaweza kufanya kazi. Chache, mbili mpaka sita hivi, zinabaki katikati zimetanda kutoka notokodi mpaka nje, hizi zinaitwa waanzilishi wa misuli, ndo zinachora ule mstari mlalo unaogawa nyama ya mgongoni na ya tumboni. Zingine zote, kuanzia kama masaa 18 mpaka 24, zinaondoka kwenda nje. Na somaiti muda huo imejaa seli za haraka hakuna nafasi, kwa iyo zinapita kama abiria anayeshuka daladala iliyojaa, anajibana katikati ya waliosimama, wanampisha na kuziba nyuma yake. Kinachoruhusu kupishana ni protini za kushikana za kwenye ngozi ya seli, kaderini za aina mbili, kiwango chake kinabadilika kwa zamu kutoka ndani kwenda nje kufuatana na ule msafara, ukizivuruga msafara unavurugika.

Na hapa ndo penyewe: seli ya haraka ikishapitwa na seli ya polepole ndo inarefuka. Zinarefuka za ndani kwanza, za kati, za nje mwisho, kwa mpangilio uleule wa msafara. Sharon Amacher na Clarissa Henry walionyesha mwaka 2004 kwamba ukihamisha njia ya zile za polepole na urefukaji wa zile za haraka unahamia huko. Wakati huo Hejihogi inatumika mara mbili, kwanza kuchagua nani awe polepole, halafu hao waliochaguliwa wakitembea wanakwenda kuwapanga waliobaki. Mtu asiponiambia hii ni kazi nzuri sijui tena nimwonyeshe nini.

---

Bakari_Darubini

Hiyo ya kudunga rangi nimeikubali. Ushahidi wa seli mojamoja hauna ubishi. Nyuzi za haraka lakini si zina viini vingi? Umesema seli moja moja.

---

Seli_Tembezi

Sawasawa. Nyuzi za polepole za mwanzo kwa danio zinabaki na kiini kimoja kimoja. Za haraka zinaungana, seli kadhaa zinavunja kuta zao na kuwa uzi mmoja wenye viini vingi. Kwenye kuungana kuna protini zinatambuana kwanza, Jamb kwenye seli moja inamshika Jamc wa seli nyingine, hii ilionyeshwa 2011. Wakikosekana, nyuzi za haraka zinabaki na kiini kimoja, ajabu samaki anaishi na anaogelea. Halafu kuna myomeka, iligunduliwa kwa panya 2013 kwenye maabara ya Eric Olson kule Texas, nayo inahusika na kuyeyusha ukuta wenyewe. Danio asiye na myomeka anafika utu uzima ila misuli yake ni dhaifu, nyembamba, mafuta yanajaa palipotakiwa nyama.

---

Mama_Nassir

Shikamooni wote. Mimi sio mtu wa sayansi, ni muuguzi. Nina ndugu yangu mtoto wake wa kiume ana ugonjwa wa misuli kulegea, Duchenne, ameanza kushindwa kupanda ngazi. Nimesoma mahali kwamba wanatumia samaki kuuchunguza. Ni kweli, na samaki na mtoto wapi na wapi?

---

Seli_Tembezi

Marahaba dada, na pole sana kwa familia. Ni kweli kabisa. Duchenne inatokana na kukosekana kwa protini ya distrofini, inayofunga nyuzi za ndani za msuli kwenye ukuta wa seli na kilicho nje yake. Jeni hiyo binadamu anayo na samaki anayo, tumerithi kwa babu mmoja wa mbali. Kuna danio waliopatikana kwenye ule uchunguzi wa Tübingen wakaitwa sapje, baadae kundi la Peter Currie likaonyesha ni distrofini iliyoharibika. Kwa hao misuli inajengwa vizuri tu mwanzoni, safari yote niliyoeleza inakamilika, ila akianza kuogelea nyuzi zinang'oka kwenye ule mpaka wa pande na pande. Kazi yenyewe ndo inayobomoa.

Faida yake ni kwamba vifaranga vya danio ni vidogo, vingi, na vinafyonza dawa kutoka kwenye maji. Unapitisha mamia ya kemikali na kuangalia ipi inapunguza kung'oka. Misuli iliyopangika vizuri inang'aa ukiiangalia kwenye mwanga uliochujwa, iliyobomoka inakuwa na mabaka meusi, kwa iyo huhitaji hata kumpasua. Nisikudanganye, dawa kufanya kazi kwa samaki haimaanishi kesho iko hospitali, njia bado ni ndefu. Kwa mtoto, kliniki ya neva na mazoezi ya viungo wasiache, na moyo upimwe mara kwa mara maana nao ni msuli unaotumia distrofini.

---

Mama_Nassir

Nashukuru kaka umenijibu kwa heshima. Hilo la moyo hakuna aliyewahi kuwaambia, nampigia leo hii.

---

Pwani_Mchangani

Asalaam alaykum. Nipo Unguja. Kwetu kuna visamaki vidogo vyenye rangi nzuri sana vinatokea kwenye madimbwi mvua zikinyesha, dimbwi likikauka vinakufa vyote, mvua ikirudi vinakuwepo tena. Wazee wanasema vinashuka na mvua. Nilisoma kwamba mayai yanabaki kwenye udongo mkavu miezi. Sasa kwa haya unayosema, misuli ya nusu saa nusu saa, huyo wa kwenye udongo inakuwaje?

---

Seli_Tembezi

Waalaykum salaam. Sheikh umeniletea zawadi. Hao ni Nothobranchius, na wa kwenu Unguja ana jina lake kabisa, Nothobranchius guentheri. Kiinitete chao kinaweza kusimama. Kinaendelea mpaka somaiti zimeshakatwa, moyo upo, halafu kila kitu kinapunguzwa karibu na kuzimwa, kinakaa hivyo wiki au miezi kusubiri maji. Kwa lugha ya kitaalamu wanaita dayapozi. Saa ya somaiti imeshamaliza kazi yake hapo, ila misuli haijakomaa, imesimamishwa ikiwa nusu.

Jamaa yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, amechunguzwa sana kwenye maabara ya Anne Brunet, Stanford. Kazi yao ya 2020 ilionyesha muda huo wa kusimama sio kulala tu, kuna protini inaitwa CBX7 inayolinda jeni zinazotunza misuli, ukiiondoa misuli inaharibika kiinitete kikiwa kimesimama. Na waliokaa wamesimama muda mrefu wakiendelea wanakua sawa tu na maisha yao ya ukubwani hayapungui. Fikiria kiumbe kinashikilia misuli ambayo hakijawahi kuitumia, gizani, kwenye udongo mkavu, miezi kadhaa. Madimbwi hayo yalindeni, mkiyafukia kwa ajili ya viwanja hakuna mvua itakayowarudisha.

---

Mwl_wa_Kidato

Uzi huu naupeleka darasani. Swali la mwisho kwangu, anaanza lini kucheza, na wanafunzi wanaweza kuona kwa darubini zetu hizi za shule?

---

Seli_Tembezi

Mwalimu wanaweza. Mtikisiko wa kwanza ni kama masaa 17, mkia unapinda upande mmoja, unaachia, unapinda upande wa pili. Amri inatoka kwenye uti wa neva wenyewe, ubongo hauhusiki bado. Kuna danio aitwaye nic1, kipokezi chake cha asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli, kimeharibika, misuli anayo ila amri haipokelewi, huyo hatikisiki kabisa. Saa 21 hivi ukimgusa anaitikia, saa 27 au 28 ukimtoa ndani ya ganda na kumgusa anasogea kwa kuogelea, siku ya pili mpaka ya tatu anatotoa mwenyewe.

Darubini ya kukuza mara 40 inatosha kuona somaiti. Upate na vipande viwili vya plastiki ya kuchuja mwanga, ile ya miwani ya jua ya polaroidi, kimoja chini ya yai kimoja juu, zungusha cha juu mpaka uwanja uwe mweusi, zungusha na sahani taratibu, misuli itang'aa yenyewe.

---

Mwl_wa_Kidato

Mayai nayapataje sasa? Nimewahi kufuga danio darasani, sijawahi kuona yai hata moja.

---

Seli_Tembezi

Wanayala mwalimu. Wanataga alfajiri mwanga ukiingia, yakidondoka tu wanayafuata. Tandaza gololi chini ya tangi mayai yaingie katikati wasiyafikie, au weka wavu wenye matundu madogo juu kidogo ya sakafu. Dume mmoja na jike mmoja au wawili, watenganishe usiku, asubuhi uwachanganye, taa iwake masaa 14 kwa siku na maji yawe nyuzijoto 28. Baada ya nusu saa nyonya mayai na bomba la plastiki, yaliyogeuka meupe yatoe maana yameshakufa na yataoza, mazuri weka kwenye maji safi yenye methilini bluu kidogo sana kuzuia ukungu. Ukiyakusanya saa moja asubuhi, kwa chumba chenye joto somaiti za kwanza zitaanza jioni kwenye saa kumi na moja, kwa iyo panga na wanafunzi wa bweni.